Jakuzi Ije Baadaye, Njia ya Umeme Iwekwe Kabla ya Zege

Nyumba nyingi zinazoinuka sasa Kigamboni, Mbweni na Goba zina baraza la nyuma. Chini pevingi au vigae, juu makuti au bati, pembeni jiko la kuchomea nyama, friji ndogo ya vinywaji, spika na taa za kuning'iniza. Mwenye nyumba akikutembeza hukuonesha na kona moja tupu: "Hapa Mungu akijalia tutaweka jakuzi." Kisha zege linamwagwa, pevingi inapangwa, na fundi umeme anaitwa mwisho kabisa, kuja kufunga taa.

Ratiba hiyo imekaa kinyume. Jakuzi yenyewe unaweza kuinunua baada ya miaka mitano, au usiinunue kabisa ada za shule zikikubana. Lakini njia ya waya wake, umbali wa soketi na kona hiyo, na nondo zitakazolala ndani ya jamvi la zege ni mambo yanayoamuliwa wakati baraza linajengwa, upende usipende. Usipoyaamua wewe, saruji itakuamulia.

Tuanze na jakuzi inakula umeme kiasi gani. Zipo zile za kujaza upepo, zenye hita ya kilowati 2 hivi, ambazo huchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Hizo hazina maneno mengi, ingawa nazo zinahitaji kinga nitakayoieleza mbele. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya kudumu, ya watu watano au sita, inayobeba lita 1,000 hadi 1,500 za maji. Chukua mfano wenye hita ya kilowati 3, pampu mbili za kilowati 1.5 kila moja, na mashine ya kupuliza mapovu ya wati 700. Jumla ni wati 6,700. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 29. Saketi yake iwe ya ampea 32, ya peke yake, kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi kwenye jakuzi, isiyogawana na taa wala friji.

Sasa kafungue kisanduku cha breka nyumbani kwako uangalie meni swichi. Kama imeandikwa 60, hesabu vingine vinavyotumia umeme humo ndani. Shawa ya umeme ya kilowati 5 ni ampea 22. Viyoyozi viwili pamoja vinafika ampea 13, jiko la kuokea 13 nyingine, halafu pasi, friji na pampu ya kisima kama 9. Umefika 57 kabla jakuzi haijawashwa. Ukiiongeza unakaribia 86. Mtu atasema havitumiki vyote kwa pamoja. Siku za kazi ni kweli. Lakini jakuzi haiwashwi Jumanne asubuhi. Inawashwa Jumamosi jioni, wageni wamekuja, viyoyozi vinanguruma, kuku wako kwenye jiko la kuokea na watoto wanaoga kwa zamu. Kwa nyumba ya namna hiyo jibu ni kuomba umeme wa njia tatu badala ya njia moja, na jambo la busara ni kuliweka kwenye mchoro wa wayaringi tangu maombi ya kwanza, si kurudi TANESCO baada ya kuhamia.

Gharama ya kupasha maji nayo ijulikane mapema. Kupandisha joto la lita 1,200 kwa nyuzi 1 tu kunahitaji takriban uniti 1.4. Maji ya Dar es Salaam yakiwa nyuzi 28 na wewe unataka 38, ni uniti 14 kwa kujaza mara moja, na hita ya kilowati 3 itafanya kazi karibu saa tano. Njombe au Arusha, maji yakianzia nyuzi 18, zidisha mara mbili. Kundi la wateja wadogo wa TANESCO huishia wastani wa uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo aliye kwenye kundi hilo ajue kwamba jakuzi itamtoa huko wiki ya kwanza tu. Ukweli ni kwamba Njombe, Lushoto au Limuru jakuzi ina maana kuliko Kigamboni, ambako mwezi wa Februari maji ya tenki la juu ya dari yanaunguza bila msaada wa mtu. Lakini starehe haibishaniwi. Nunua tu na mfuniko mnene, kwa sababu joto jingi hupotelea juu ya maji.

Umbali unakuja na hesabu yake. Waya wowote hula volti kidogo njiani, na kadiri unavyokuwa mrefu na mwembamba ndivyo unavyokula zaidi. Tuseme kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi kona ya jakuzi, ukifuata ukuta na si ukikata katikati ya ua, ni mita 35. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ambao mafundi wengi hukimbilia kwa sababu ndio wa soketi zote, utapoteza volti 18 ukibeba ampea 29, tena hata kuzibeba zenyewe salama hauwezi. Wa 4 utapoteza volti 11, mpakani kabisa mwa kiwango cha asilimia 5. Wa 6 unapoteza volti 7.4 na wa 10 unapoteza 4.5.

Kwenye karatasi, 6 unatosha. Mimi ningeweka 10, na sababu yangu ni nguzo iliyo mwisho wa mtaa. Wanaokaa mwisho wa laini wanaujua umeme mdogo wa saa mbili usiku: feni inazunguka kama inabembelezwa, kiyoyozi kinagoma kuwaka. Volti zikishuka hadi 200, hita ya kilowati 3 inatoa kilowati 2.3 tu, na maji yanachelewa kupata moto. Hilo linavumilika. Pampu haivumilii. Mota ikipewa volti pungufu huvuta ampea zaidi ili ifanye kazi ile ile, inachemka, na koili zake zinaungua taratibu bila wewe kujua. Usikubali waya wako mwenyewe ukuongezee upungufu ulioukuta kwenye nguzo.

Na ukinunua waya, usisome ngozi peke yake. Sokoni kuna waya ulioandikwa 2.5 ambao shaba yake haifiki. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.78, wa 10 una nyuzi saba, kila uzi milimita 1.35. Kipimo cha venia hakina bei ya kutisha, na muuza duka akiona unakitoa mfukoni, mazungumzo yenu yanabadilika.

Sasa tuje kwenye linaloua.

Nyumba zetu nyingi hupokea waya mbili kutoka kwenye nguzo, laivu na nyutro. Ethi tunajitengenezea wenyewe kwa kupigilia fimbo ya shaba ardhini karibu na ukuta. Watu wengi, na mafundi wengine pia, wanaamini kwamba fimbo hiyo ikishapigiliwa, chochote kikivuja breka itakata. Tupige hesabu. Tuseme fimbo yako ina ukinzani wa omu 50, ambao kwa udongo wa kichanga si mbaya hata kidogo. Pampu ya jakuzi inaharibika, laivu inagusa bodi yake ya chuma. Umeme utakaoshuka ardhini ni 230 kugawanya kwa 50, yaani ampea 4.6. Breka ya ampea 32 ikipitiwa na ampea 4.6 inadhani kuna mtu anapiga pasi. Haikati leo, haikati kesho. Bodi ya pampu inabaki na umeme karibu wote wa laini, ikingoja mkono.

Mkono ukifika, mwili uliolowa una ukinzani wa kama omu 1,000, na ukiwa umezama majini unashuka chini ya hapo. Kwa omu 1,000 zitapita miliampea 230. Miliampea 10 hadi 20 zinatosha kuibana misuli mkono usiachie; zikizidi 50 kwa muda unaokaribia sekunde, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Breka haihusiki na kiasi kidogo hivyo. Breka ipo kwa ajili ya kulinda waya usiungue. Haikuwekwa kukulinda wewe.

Kinachokulinda wewe ni kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, na wazee wa kazi bado wanakiita ELCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30, maana yake kuna umeme umepata njia nyingine, huenda kupitia kwa mtu, nacho kinakata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde; uvujaji ukiwa mkubwa zaidi kinakata kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Kwa nyumba yenye ethi ya fimbo, RCD ndiyo kinga yenyewe. Fimbo ipo kuipa kitu cha kuhisi. Ndiyo maana fimbo isiwe mbovu mno: ikizidi omu 200 haiaminiki, kwa sababu inapokuja Januari na ardhi ikakauka ukinzani hupanda tena. Pale ambapo chini ni jiwe la matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na za pwani ya Mombasa, fimbo hugonga mwamba baada ya hatua fupi, na mafundi wasio waaminifu huikata juu ili ionekane imezama. Hapo laza utepe au waya mtupu wa shaba ndani ya mtaro ule ule unaochimba kwa ajili ya kebo, uuunganishe na fimbo. Mtaro umeshaulipia.

Tatizo kubwa la RCD huku kwetu ni kwamba inaondolewa. Masika yanaanza, taa ya bustani iliyofungwa ovyo inajaa maji, RCD moja iliyowekewa nyumba nzima inakata kila kitu katikati ya taarifa ya habari. Inarudishwa, inakata tena. Fundi anaitwa, anahangaika na tochi ya simu, mwishowe anaunganisha waya moja kwa moja na kusema kifaa kilikuwa kibovu. Taa zinawaka, fundi anapewa soda na nauli. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasema ukweli na kikanyamazishwa. Dawa yake ni kutoweka RCD moja kwa nyumba nzima. Taa na soketi za baraza ziwe na yake, jakuzi iwe na yake ya miliampea 30, ndani ya nyumba ziwe nyingine. Taa ya bustani ikilowa, baraza litakuwa giza na nyinyi mtaendelea na taarifa ya habari, na hakuna atakayepata kishawishi cha kuichokonoa. Kila RCD ina kitufe kidogo cha kujaribia. Kibonyeze angalau kila miezi 6. Kisipokata, kibadilishe siku hiyo hiyo.

Linabaki la nondo, nalo ndilo halirekebishiki. Jakuzi iliyojaa maji na watu inapita tani moja na nusu, kwa hiyo kona hiyo itahitaji jamvi la zege lenye wavu wa nondo. Zege lenye unyevunyevu ni ardhi tupu kwa upande wa umeme. Mtu amesimama juu yake pekupeku, mkono umo majini au umeshika bomba la ngazi. Kama maji yana volti kidogo kuliko ardhi, au ardhi kidogo kuliko maji, tofauti hiyo inapita mwilini mwake. Kinachotakiwa ni kuifuta hiyo tofauti: nondo za jamvi, bodi za pampu, fremu ya chuma, mabomba ya chuma na nguzo za banda zilizo karibu vifungwe pamoja kwa waya wa shaba na viunganishwe na ethi ya saketi ya jakuzi. Hapo hata umeme ukivuja, kila kinachoguswa kinapanda na kushuka pamoja, na mwili hauoni tofauti ya kuupitisha. Waya huo usiwe mwembamba kuliko milimita za mraba 4. Ndani ya zege mimi huweka 10, maana hakuna atakayekwenda kuukagua. Ufungwe kwenye nondo kwa kleme ya shaba au uchomelewe, si kwa kuusokota na binding waya, na ncha yake iachwe imetokeza ndani ya boksi la plastiki kwenye ukingo wa jamvi, ikingoja jakuzi. Kazi yote hiyo ni ya saa moja siku ya kufunga nondo. Baada ya zege kumwagwa, ni kazi ya nyundo na patasi.

Ukiwa bado na chaki ya kupimia jamvi mkononi, chora mistari miwili sakafuni kuizunguka nafasi ya jakuzi. Wa kwanza uwe mita 2 kutoka ukingoni: ndani yake pasiwe na soketi wala swichi ya kawaida, na kifaa chochote kinacholazimu kuwemo kiwe cha kuhimili kurushiwa maji. Wa pili uwe mita 3.5: soketi yoyote ya baraza, ya friji au ya spika, ikae nje ya huo. Umbali huu unatoka kwenye kanuni za Uingereza za mabwawa ya kuogelea, ambazo mafundi wetu wengi wamezisomea, nami sioni sababu ya kuzilegeza kwa jakuzi. Taa zilizo karibu na maji ziwe za volti 12, na transfoma yake ikae mbali. Swichi kuu ya kuzimia jakuzi iwe mahali panapoonekana kutoka majini lakini mkono wa aliyemo usifike. Kisha inua macho: waya wa TANESCO unaotoka nguzoni usipite juu ya kona hiyo. Ukipita, hamisha kona.

Mtaro ndio sehemu rahisi, na ndio unaofanywa kwa haraka kuliko vyote. Sentimita 60 kwenda chini, mchanga laini kwanza, bomba la plastiki la milimita 50 kwa umeme, lingine la 25 kando kwa ajili ya spika au kamera, mchanga tena, utepe wa tahadhari wa njano, halafu udongo. Kona za bomba ziwe za kupinda kwa mapana, kwa sababu kebo yenye deraya ya nyuzi za chuma haipiti kwenye elbo ya mafundi bomba. Acha kamba ya nailoni ndani yake na uzibe ncha zote mbili vizuri, la sivyo miaka mitano ijayo utakuta bomba limegeuka nyumba ya siafu na mijusi. Kama hela ya kebo haipo sasa, usiinunue. Bomba lenye kamba linatosha.

Upande wa baharini, chumvi haisamehi. Maboksi yawe ya plastiki yenye alama ya IP65 au zaidi, skrubu za chuma kisichoshika kutu, na matundu ya kuingizia waya yaangalie chini. Boksi la bati lililopakwa rangi halikai muda mrefu Nungwi.

Neno kwa wenye inveta na betri: saketi ya jakuzi isiingie huko kabisa. Fundi aitoe kabla ya inveta, vinginevyo umeme ukikatika watu wakiwa majini betri zitaisha kabla hawajatafuta taulo.

Kuhusu fundi mwenyewe, Tanzania Bara awe na leseni ya EWURA, Kenya ya EPRA. Lakini leseni peke yake haipimi ethi. Fundi anayekuja na bisibisi ya testa tu anaweza kukuonesha kwamba laivu ipo, jambo ambalo ulishalijua. Mwulize kama ana kipimo cha ukinzani wa ethi, cha uimara wa ngozi za waya, na cha muda wa RCD kukata. Akimaliza kazi akuandikie namba tatu: ethi ni omu ngapi, ngozi ya waya ni megaomu ngapi kwa volti 500, ambazo zisiwe chini ya 1, na RCD ilikata kwa milisekunde ngapi. Zibandike ndani ya mlango wa kisanduku cha breka. Fundi anayekasirika akiombwa namba hizo amekuokolea fedha, tafuta mwingine.

Na mjenzi akikupigia simu kwamba anamwaga zege kesho alfajiri, mwambie lori lisije mpaka fundi umeme awe amefunga waya wake kwenye nondo, na wewe umepiga picha ya mtaro ukiwa wazi, tepu ya kupimia imelazwa pembeni yake.